Wufa za mzee zilizobandikwa tyubu ya baiskeli: nimezirudishia ukingo wa sponji, njooni tuelekezane

#1 MwanaMakorora

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite tu.

Sebuleni kwa mzee, Tanga, kuna spika mbili za boksi la mbao, wufa (spika ya besi) inchi 10, za mwishoni mwa miaka ya 1970. Chapa siitaji, na hata kibandiko cha nyuma mende walishakimaliza. Alikuja nazo baba mdogo enzi zake za ubaharia. Nimekulia mbele ya hizo spika. Jumamosi asubuhi ni bendi zetu za Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, sikukuu ikifika ni kanda za taarab za Black Star na Lucky Star mpaka jirani anakuja kuomba sauti iongezwe, sio ipunguzwe.

Kuna kipindi ule ukingo wa sponji unaozunguka karatasi ya spika ukaanza kumeguka. Ukigusa kwa kidole, unabaki na unga mweusi unaonata kama masizi yaliyomwagiwa mafuta. Mzee akazipeleka kwa fundi mmoja, jina kapuni. Fundi akakata tyubu ya baiskeli, akaibandika kwa gundi ya viatu, spika ikapiga, akalipwa, wote wakaagana kwa furaha. Ila besi haikurudi. Miaka kumi na tano tukawa tunaambiana kwamba spika zimezeeka.

Likizo iliyopita nikazifungua. Koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, ziko hai: nimepima kwa mita, moja inasoma ohm 6.3, nyingine 6.4. Kwa spika iliyoandikwa ohm 8 hiyo ni afya kabisa, maana mita inapima waya tu. Karatasi nzima, sumaku nzima, spaida (kile kitambaa chenye mikunjo kinachoshikilia koili kwa nyuma) nzima. Kilichokuwa kinaziua ni ile tyubu.

Sasa nifafanue, maana hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapoteleza. Ukingo sio pindo la kushikizia karatasi isidondoke. Ni springi. Unafanya kazi tatu kwa pamoja: unaiacha koni, yaani ile karatasi, iende mbele na nyuma, unaiweka katikati ili koili isiguse sumaku, na unaziba hewa ya mbele isikutane na ya nyuma. Tyubu inaziba vizuri sana, na kuweka katikati inajitahidi. Kwenye kuachia ndiyo imefeli.

Na kwa maboksi ya aina hii kuachia ndiyo kila kitu. Boksi limezibwa pande zote, halina tundu, ndani limejazwa pamba. Mfumo huu uliingia sokoni mwaka 1954 na spika ya AR-1, kazi ya Edgar Villchur na Henry Kloss kule Cambridge, Massachusetts. Akili yake ni kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ndiyo springi kuu, kwa hiyo wufa yenyewe ikiwa nje ya boksi inatakiwa iwe legelege, ukiigusa inazama kama godoro jipya. Ukiifunga tyubu ngumu umeweka springi juu ya springi.

Nilipima mlio wa asili wa koni, yaani kasi (Hz, mitetemo kwa sekunde) ambayo inapenda kutetema yenyewe, ikiwa mezani, nje ya boksi. Ikiwa na tyubu: Hz 58 kushoto, 61 kulia. Leo hii, baada ya sponji mpya: Hz 27 na 28. Kati ya namba hizo mbili ndipo lilipokuwa limepotelea gitaa la besi la Jamhuri Jazz.

Nitashusha hatua kwa hatua. Wenye maswali tupieni.

#2 KandaMbili

Siti ya mbele. Ila mkuu, swali la mtu asiyejua: kwa nini hao wazungu walitumia sponji inayooza? Si wangeweka raba tangu mwanzo?

#3 MwanaMakorora

Swali zuri. Sponji ni nyepesi na laini kuliko vitu vingi walivyokuwa navyo, na ni rahisi kuifinyanga. Shida ni kwamba ile poliuretani inakatwakatwa taratibu na unyevu wa hewa, mwanga wa jua na ozoni vinaongezea. Haijali umepiga muziki au hujapiga. Kuna watu wamenunua spika zilizokaa kwenye katoni yake miaka ishirini, wamefungua wamekuta unga. Sasa fikiria Tanga, au Mombasa, au Unguja, mahali ambapo chumvi ya mezani inageuka uji.

Sio kila spika ya zamani ina tatizo hili. Tangu hizo AR za mwanzo kulikuwa na ukingo wa kitambaa kilichopakwa dawa ya kuziba hewa. Kitambaa hakiozi, ila dawa ikichakaa kinavuja, na tiba yake ni kupaka upya tu. Yamaha NS-10M, zile za koni nyeupe zinazoonekana kwenye kila picha ya studio, ni kitambaa pia. Tannoy ndio mfano wa kuumiza roho: wufa zao za kabla hazikuwa na shida, halafu miaka ya 1970 wakatoa HPD zenye ukingo wa sponji, na leo HPD ambayo haijabadilishwa ukingo ni ya kutafuta kwa tochi.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jua kwanza yako ilikuwa na nini kiwandani. Ilikuwa sponji, rudisha sponji. Ilikuwa raba, rudisha raba. Usipandishe cheo.

#4 FundiMsamvu

Mimi ni fundi miaka 22, Morogoro. Nimesoma yote nikacheka kidogo.

Mkuu, unamlaumu mwenzetu wa tyubu. Unajua mteja anakuja na shilingi ngapi? Analeta spika ya urithi, mkononi ana elfu kumi, anataka iwe imepona kabla ya harusi ya Jumamosi. Ukimwambia ukingo unaagizwa nje, unakuja kwa wiki tatu, anakuona tapeli. Tyubu ipo hapo nje kwa fundi baiskeli. Nimeweka tyubu nyingi tu, na nyingine hadi leo zinapiga.

#5 MwanaMakorora

Fundi, umenishika hapo, na nakubali. Yule fundi alimrudishia mzee muziki siku ile ile. Bila yeye pengine hizo spika zingekuwa kuni.

Nisichokubali ni kimoja: hakumwambia mzee kwamba hiyo ni bandeji. Tungejua, tusingekaa miaka kumi na tano tukiongeza kitasa cha besi hadi mwisho na kuiunguza ampu (kikuza sauti). Tena ampu mbili.

Haya, hatua zenyewe.

Kwanza vipimo. Usiagize kwa kusema tu "inchi 10". Inchi 10 ni fremu. Ndani ya fremu kila kiwanda kina mambo yake. Pima kwa rula ya milimita: upana wa koni yenyewe kutoka upande hadi upande, upana wa duara la ndani ya fremu pale ukingo unapolalia, na upana wa lile tuta la duara la ukingo kama unaweza kuliona. Angalia pia kama ukingo wa zamani ulibandikwa juu ya koni au chini yake. Ukingo wangu wa kwanza niliuagiza kwa kukisia, ukaja na tofauti ya milimita 6. Ukingo wa saizi mbaya unaweza kuulazimisha ukakaa, ila koni itakaa imeinuliwa au imezamishwa, na koili haitakuwa katikati ya sumaku kwa kina chake.

Pili, kung'oa. Hii ndiyo kazi yenyewe, ilikula siku mbili kwa wufa mbili. Tyubu ilitoka kwa kuivuta taratibu huku natia asetoni kwa bomba la sindano kidogo kidogo. Chini yake ile gundi ya viatu ilikuwa imekuwa kama lami. Kwenye fremu ya chuma nilikwangua bila huruma. Kwenye karatasi, hapana. Kitambaa, spiriti, kidole, subira. Lowesha mstari wa sentimita tatu, hesabu hadi thelathini, kwangua kwa kadi ya simu ya zamani, futa, sogea. Ukiharakisha unatoka na karatasi yenyewe. Na kama koni yako ni ya plastiki, asetoni iweke mbali kabisa. Jaribu hata spiriti kwanza sehemu isiyoonekana.

Tatu ni kuweka koili katikati, na hii inahitaji mchango wake peke yake.

#6 YakheWaMalindi

Ahsante sana shehe, mambo mazuri haya. Mie nipo Unguja. Spika zangu sponji bado haijakatika ila imeanza kukauka. Kuna mtu kaniambia nipake mafuta ya mgando kila mwezi. Nishapaka mara mbili. Nimeharibu au nimetengeneza?

#7 MwanaMakorora

Acha leo hii, yakhe. Mafuta ya mgando hayaponyeshi sponji iliyokwisha kuvunjika ndani. Yanaifanya ing'ae tu, na siku utakapotaka kubandika mpya, gundi haitashika pale mafuta yalipoingia kwenye karatasi. Kwa ukingo wa mpira wa asili ni mabaya zaidi, yanaulainisha na kuuvimbisha. Futa kwa kitambaa kikavu, punguza sauti, anza kutafuta saizi yako. Wakati wa kubandika, ile pindo ya karatasi uisafishe kwa spiriti mara tatu, sio mara moja.

#8 LuthuliMtaani

Salamu kutoka Nairobi, wadau. Hapa Luthuli Avenue ukiuliza ukingo wa sponji unaweza kupata wa spika za magari, hizo inchi 6 na 8. Kwa za nyumbani za zamani, bahati yako. Wengi wetu huagiza mtandaoni, huja ikiwa jozi pamoja na chupa ndogo ya gundi.

Nilitaka kuongeza kitu kuhusu betri. Ukijaribu wufa kwa betri ya tochi ya volti 1.5, chanya kwa nyekundu, koni huruka mbele. Lakini JBL nyingi za zamani hufanya kinyume: chanya kwa nyekundu, koni huingia ndani. Usidhani mtu aliziunga vibaya, ndivyo zilivyotoka. Niliwahi kuzigeuza waya za rafiki yangu, upande mmoja pekee, nikamharibia besi yote kwa sababu spika moja ilikuwa inasukuma na nyingine inavuta. Alinisamehe baada ya nyama choma mbili.

#9 MwanaMakorora

Hiyo ya JBL nimeinakili, asante sana.

Sasa kuweka katikati. Koili imekaa kwenye pengo la sumaku ambalo kila upande lina nafasi kama robo milimita. Ukibandika ukingo koni ikiwa imesogea kidogo tu, koili inakwaruza, na sauti yake ni kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga. Njia zipo mbili.

Ya kwanza ni ya uhakika. Unakata ile kofia ya katikati kwa wembe mpya, ukiacha pindo la milimita moja au mbili ili baadaye urudishie kofia ile ile. Ndani utaona nguzo ya sumaku na silinda ya koili ikiizunguka. Unaingiza vipande vyembamba kati ya hivyo viwili, pande zote, hadi koili isitikisike. Nilitumia filamu ya eksirei. Mama alipigwa picha ya goti mwaka fulani, bahasha ilikuwa kabatini. Nikakata vipande vinane vyenye upana wa sentimita moja. Ikikaza sana, badili na karatasi ya kawaida ya printa, hiyo ni kama sehemu ya kumi ya milimita, unaweza kukunja mbili. Usilazimishe. Kipande kiingie kwa vidole, sio kwa koleo. Na kabla hujarudishia kofia, hakikisha hakuna unga wa chuma uliorukia kwenye pengo. Ukiwepo, utoe kwa selotepu iliyokunjwa, upande wa gundi nje.

Ya pili ni ya wenye mkono mwepesi: hukati kofia. Unabandika ukingo kwenye koni kwanza, unaacha ukauke. Kesho yake unapaka gundi upande wa fremu, na wakati bado inateleza unabonyeza koni kwa vidole viwili vilivyoko pande tofauti, juu chini, huku umeinamisha sikio. Ukisikia mkwaruzo, unasogeza ukingo kidogo kinyume. Wengine huipigia sauti ya Hz 30 kwa nguvu ndogo sana, wanasogeza hadi mkwaruzo upotee.

Wufa ya kushoto nilifanya kwa njia ya kwanza, ya kulia kwa njia ya pili, ili nijue. Ya kwanza ilikaa mara moja. Ya pili niliing'oa mara mbili. Kwa anayeanza, kata kofia.

Kuhusu gundi: kwa karatasi na sponji nimetumia ile nyeupe ya majimaji inayokuja na ukingo, inayokauka ikawa wazi na laini. Gundi ya mbao ya dukani inafanana nayo ikiwa chupani, lakini nyingi zikikauka zinakuwa ngumu kama kucha, na nyingine kwa unyevu wa pwani zinarudi kulainika. Supaglu, hapana. Inashika kabla hujapumua, huna nafasi ya kusogeza. Koni za polipropilini zina kesi yake, gundi nyingi zinabanduka kama ngozi ya kitunguu. Hizo tafuta gundi iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya plastiki hiyo.

#10 BintiChumbageni

Kaka yangu, mimi nimerithi redio kubwa ya lampu. Spika yake haina sponji wala raba. Karatasi yenyewe imekunjwakunjwa pembeni kama marinda, na pale kwenye marinda imepasuka sehemu tatu. Nitoe yote niweke ukingo mpya?

#11 MwanaMakorora

Hapana dada, usiguse. Hiyo ukingo wake ndio karatasi yenyewe, ukiikata umeua spika. Hiyo inazibwa. Chukua kifuko cha chai cha kuchovya, mwaga majani, kausha. Ile karatasi yake ina nyuzi ndefu na ni nyepesi. Chana kwa mkono, usikate kwa mkasi, ili kingo ziwe na manyoya. Gundi nyeupe ichanganye na maji nusu kwa nusu. Paka kidogo, laza kipande upande wa nyuma kikifuata marinda, bonyeza kwa brashi ya rangi za maji. Kipande kimoja chembamba kwa kila mpasuko. Ukirundika gundi, pale panakuwa pagumu na karatasi itapasuka pembeni yake.

Na hiyo ya lampu, kabla hujafungua nyuma, chomoa waya ukutani na uiache hadi kesho. Kapasita za ndani hubaki na umeme mkali.

#12 FundiMsamvu

Hiyo ya mfuko wa chai nilikuwa natumia karatasi ya sigara. Ya kwako inaonekana bora.

Haya mkuu, nimekaa nikafikiri. Juzi mteja kaleta wufa inchi 8, nimemwambia ukweli: tyubu leo, au sponji wiki tatu. Kachagua sponji! Nimeagiza. Sasa nieleze ulivyopima huo mlio wa asili, maana mimi ninapima kwa sikio na kidole.

#13 MwanaMakorora

Safi sana fundi. Kupima ni hivi. Simu yenye programu ya kutoa mlio, unaichomeka kwenye ampu ndogo. Kutoka ampu, waya mmoja unapitia rezista ya ohm 470 au karibu na hapo, kisha kwenye wufa, unarudi. Wufa iwe nje ya boksi, isimame hewani, isilazwe kifudifudi. Mita iweke kwenye volti za AC, ncha zake kwenye miguu ya wufa. Anza Hz 100, teremka pole pole. Volti zitapanda, zitapanda, halafu zitaanza kushuka. Pale juu kabisa ndipo mlio wake wa asili. Mita ya bei poa haitakupa volti sahihi huko chini, lakini kilele itakionyesha, na kilele ndicho unachokitaka. Pima zote mbili. Zikitofautiana kwa Hz mbili tatu ni kawaida, zikitofautiana kwa kumi kuna mahali umekosea.

Jambo jingine nililogundua baada ya kufunga. Boksi la kuzibwa lina kipimo chake cha bure. Bonyeza koni ndani taratibu kwa vidole vya mikono miwili, iachie. Ikirudi kwa uvivu, boksi limeziba. Ikiruka mara moja, kuna hewa inatoka. La kulia liliruka. Nikadhani ukingo, kumbe ni tundu la skrubu la nyuma ambalo mtu alilipanua. Nikaliziba kwa udongo wa kuchezea wa mtoto wa dada, rangi ya waridi. Haionekani.

#14 KandaMbili

Na zikoje sasa? Usituache hewani.

#15 MwanaMakorora

Siku ya kwanza niliziona ngumu kidogo, sponji mpya inahitaji siku kadhaa kulegea. Siku ya nne nikaweka kanda ya zamani ya dansi. Zile noti za besi zinazotembea chini ya gitaa la kati, nilikuwa nadhani kurekodi kwa zamani hakukuwa nazo. Zipo. Na makelele ya kanda nayo yapo, maana twita (spika ndogo za sauti nyembamba) sijagusa, na kapasita za elektrolaiti za krosova, ile saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, ni za mwaka ule ule, hizo zinanisubiri Desemba.

Mzee alikaa, akasikiliza upande mmoja wa kanda, halafu akaniuliza kwa nini nimekata filamu ya goti la mama bila kuomba.

#16 FundiMsamvu

Mkuu, ukingo wa inchi 8 umefika. Nimeshabandika kwenye koni, nimeweka vipande vya eksirei, nimebandika fremu leo saa nne asubuhi. Mteja anapiga simu, anataka aje jioni.

#17 MwanaMakorora

Mwambie kesho, fundi. Laza wufa uso juu, usivute vipande hadi saa ishirini na nne zitimie, na kofia ibandike mwisho kabisa baada ya kuipiga kwa sauti ndogo. Inamisha pua karibu na fremu: ikinuka gundi, bado.